Uliyemwita Mwenyeji wa Hapa

Ipyana, mdogo wangu,

Gazeti ulilozungumza nalo sikulinunua. Nilifungiwa dagaa ndani yake sokoni Tukuyu, nikalikung'uta nyumbani, nikakuona umesimama katikati ya watoto waliovaa fulana za kijani. Nilikusoma mpaka mwisho. Umemwambia mwandishi kwamba Juni iliyopita wanafunzi wako walikuja Isongole kujifunza mazingira, na kwamba pamoja na kujifunza "waliwafundisha wanakijiji kuutunza msitu". Umesema pia kwamba mwakani shule yako itajenga kambi ya kudumu katika ardhi ya familia, yenye mabweni, jiko la kisasa na kitalu cha miti ya asili, ili watoto wa Dar es Salaam wasikue bila kuujua udongo.

Umesema hadharani, nami nakujibu hadharani. Barua hii nimempelekea mhariri wa gazeti lilelile.

Ardhi hiyo si tupu. Juu yake ipo nyumba, na ndani ya nyumba yumo mama mdogo. Wasomaji wasiotujua inafaa waelezwe, kwa kuwa wewe hukuwaeleza. Mama yetu alifariki ukiwa bado hujaota meno. Mdogo wake alikuja msibani kutoka Masoko, binti aliyekwisha kuchumbiwa, na nguo zake katika kifurushi kidogo. Msiba ulipokwisha watu walitawanyika, yeye akabaki, kwa sababu ulilia kila alipokuweka chini. Mchumba wake alisubiri, kisha akaoa kwingine. Masoko ni nchi ya migomba na kahawa, na jua lake huwaka. Hapa kwetu ukungu hushuka mchana, na migomba haizai mikungu ya kusifiwa. Hata hivyo hakurudi. Wewe ndiye uliyemfanya asirudi, wala sikulaumu kwa hilo, maana mtoto mchanga hana hatia. Nakulaumu kwa uliyoyafanya ukiwa na mvi.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Mama mdogo alitupeleka kwenye ukingo wa msitu kuokota kuni, na panga liliachwa nyumbani. Tuliokota matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, basi. Wewe ulikuwa mvivu. Ulikusanya vijiti vyembamba, ukavifunga kama ufagio, naye alikusifu njia nzima. "Leo Ipyana ndiye atakayetupikia," alisema, nami nikiwa nyuma yenu na mzigo ulionizamisha shingo, wala hakuna aliyenisifu. Siku moja ulisimama juu ya njia ya siafu ukishangaa ndege. Walikupanda mpaka ndani ya kaptula. Mama mdogo aliutupa mzigo wake, akakuvua kaptula mbele ya mabinti wa jirani, akawa anakutoa siafu mmoja mmoja huku akicheka, na wewe ukilia kwamba mabinti watakuona.

"Gwe, wamekwisha kukuona," alikwambia. "Tulia sasa, nisikubakishie mmoja."

Tuliporudi alikuchomea viazi katika majivu. Ulivila vyote, na vyangu pia.

Nakukumbusha hayo kwa sababu gazetini umesema kwamba mapenzi yako kwa msitu yalianza utotoni, ulipokuwa "ukitembea peke yako miongoni mwa miti". Peke yako, Ipyana? Hukuwahi kwenda msituni peke yako. Uliogopa hata kwenda chooni peke yako.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua shule, ukaacha kazi ukafungua yako, nilifurahi. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi katika shule zisizo na madawati, na niliona si vibaya mtu wa tumbo letu awe na shule yenye madawati. Nilikueleza hivyo. Hata ulipotuma habari kwamba unaleta watoto wakae kwetu siku chache, wauone msitu, viazi na ng'ombe, nilikubali bila masharti. Watoto wa mjini wafundishwe, kwa nini wasifundishwe? Mtoto asiyejua maji ya bomba yanatoka wapi atakuwa mtu mzima asiyejua kwa nini yamekatika. Kwa hiyo nilimwambia mama mdogo, naye alianza kujiandaa siku ileile kama mtu anayeozesha. Alikopa masufuria kanisani. Alikwenda msituni kila jioni, akaokota kuni, akazipanga ukutani chini ya paa zisilowe.

"Watoto wengi hula sana," aliniambia. "Na baridi hii huwatia njaa mara mbili."

"Mama mdogo, kuni hizi zinatosha."

"Zinakutosha wewe. Ipyana anakuja na darasa."

Siku ya safari nilikusubirini barabara kuu. Kabla ya basi lenu kufika nililiona lori la mbao likipanda kuelekea Uyole, na nyuma yake lori la mkaa lililofungwa turubai. Siku hizi biashara ni huru, na malori hayo hupita kwa vibali vyenye mihuri, asubuhi na jioni. Yalipishana na basi lenu kwenye kona, mbele ya macho yangu. Dereva wenu aliyapisha. Hukulisimamisha basi, wala hukuwaambia watoto watazame nje ya dirisha. Lori lina mwenyewe, na mwenyewe ana gari la kuja kukuuliza ulikuwa unasema nini.

Watoto walishuka wakitetemeka. Ilikuwa Juni, Isongole, na wewe uliyezaliwa hapa hukuwaambia walete masweta. Walivaa fulana nyepesi zenye picha ya jani, na mikono yao ilikuwa imesisimka kama kuku aliyenyonyolewa. Walikuwa watoto wazuri. Waliniamkia vizuri, na mmoja aliniuliza viazi hukaa kwenye mti gani. Sikumcheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Nilimchimbulia shina moja kando ya njia, akalishika kwa mikono miwili, akawaita wenzake waje waone. Hilo lilikuwa somo zuri, na nilidhani siku nzima itakwenda hivyo.

Kisha tukapanda njia ya msituni, wewe mbele na filimbi yako, nami nyuma. Tulipofika pale njia inapobana, mama mdogo alikuwa anateremka na mzigo wa mwisho kichwani. Alipoona watoto, uso wake ulifunguka. Watoto wote waliamkia kwa pamoja, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia kadiri shingo ilivyomruhusu, "Marahaba, wajukuu zangu." Ukapuliza filimbi.

"Simameni hapo," uliwaambia. "Mtazameni vizuri. Mnaona alichobeba? Huu ndio msitu unaokwenda. Mkisikia kwamba mito inakauka, inaanza hivi."

Mama mdogo alisimama. Hukumwomba asimame. Alisimama mwenyewe, akageuka kidogo ili hata wale wa nyuma wapate kumwona, kwa sababu alidhani unawaonyesha mama yako. Watoto wako husoma Kiingereza na mama mdogo husema Kinyakyusa, lakini Kiswahili alikuwa anakisikia. Maneno hayakumfikia upesi kwa kuwa hakuyatarajia. Akasema, "Ipyana, hawa wote ni wako? Mbona wamekonda?"

Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, tumkamate?"

Wakacheka. Nawe ukacheka. Ndipo msichana yule mwenye miwani, Zuhura, akakuuliza swali lililokuwa na akili kuliko somo lako lote.

"Mwalimu, bibi huyu unamjua? Amekuita jina."

Ulijibu nini, Ipyana? Nilikuwa karibu, nami kusikia bado nasikia. Ulisema, "Ni mwenyeji wa hapa." Kisha ukapuliza filimbi, mkaendelea na safari.

Mimi sikuendelea nanyi. Nilitaka kumtua mama mdogo mzigo, akakataa. Tuliteremka pamoja. Alipofika uani aliutupa mzigo chini kwa kishindo, jambo ambalo hafanyi, akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Nilimuuliza kama nianze kuchemsha maji.

"Uchemshe kwa nini?" alisema. "Mwenye msitu amekataza."

"Mama mdogo, watoto watakula nini?"

"Watakula mazingira."

Nilicheka, naye alikuwa hachezi. Moto haukuwashwa. Mliporudi jioni, ukungu umeshuka na watoto wakiwa na matope mpaka magotini, mlikuta viazi vimemenywa vinaelea katika maji baridi, na mafiga yamekaa kimya. Palikuwapo ndizi mbivu zilizotoka Tukuyu, na maziwa mgando katika kibuyu. Watoto waligawana ndizi. Maziwa waliyanusa, mmoja akasema yameharibika, nawe hukumwambia kwamba umekulia maziwa hayo. Ulinijia nyuma ya nyumba.

"Dada, mnaniaibisha. Nina watoto wa watu hapa."

"Kaseme na mama yako."

"Nimeshasema naye. Hataki kunitazama. Kwani nimefanya nini? Lile lilikuwa somo tu. Hawakujua ni nani."

"Hawakujua kwa sababu hukuwaambia," nilikujibu. Uliondoka ukinung'unika kuhusu watu wa kijijini na mambo yao.

Lililofuata nalisema kwa shida. Watoto wadogo walikuwa wanalia kwa baridi. Ulichukua panga lililokuwa mlangoni, ukashika njia ya makaburini, ukarudi unaburuta tawi bichi lenye majani yake. Ulilikata kwenye mti ulio kichwani pa kaburi la baba. Mti huo ulipandwa siku alipozikwa, kama inavyofanywa kwetu, na tangu hapo haukuwa umeguswa na chuma. Hata mbuzi wakiusogelea, watoto wa kijiji huwafukuza bila kuambiwa. Mtu wa kuja angeweza kukosea. Wewe ulishika jembe siku ya maziko.

"Ni tawi tu, dada," uliniambia. "Litaota."

Uliligawa vipande, ukalimwagia mafuta ya taa. Lilitoa moshi, wala halikuwaka. Uani kote palikuwa na watoto wanaokohoa na kufikicha macho, na fulana zao zenye picha ya jani zikinuka mafuta ya taa. Ukapuliza filimbi, sijui ya nini.

Mama mdogo aliinuka. Hakukutazama wewe, wala hakulitazama lile tawi. Alifungua mzigo wake, akapanga kuni kavu kati ya mafiga, akawasha. Nilikuwa nimesimama kando yake, akanong'ona, "Hawa hawana kosa. Wamefundishwa hivyo." Moto ulishika mara moja. Watoto walisogea mpaka ikabidi awasukume nyuma kwa mwiko. Zuhura alishika sufuria upande mmoja bila kuombwa.

"Bibi," aliuliza, "hizi si zile kuni za kule njiani?"

"Ndizo. Sogeza miwani yako, itapasuka kwa moto."

"Ulikuwa unatuletea sisi?"

"Nani mwingine atakula viazi vyote hivi? Lete chumvi."

Zuhura alikugeukia. Nilimwona. Wenzake nao walikugeukia, na hakuna aliyecheka. Ulikuwa na nafasi, Ipyana. Viazi vilichukua muda kuiva. Ungeweza kusema sentensi moja: huyu ndiye aliyenilea. Badala yake uliwaambia watoto wapange foleni, wanawe mikono, na waimbe ule wimbo wenu wa Kiingereza kuhusu mti. Waliimba. Mama mdogo aliwapigia makofi.

Kesho yake mliondoka. Ulimwachia sabuni na kilo za sukari, ukanipa mkono mimi. Yeye ulimpungia dirishani.

Sasa unaitaka nyumba yake. Gazetini hukusema hivyo. Umesema "ardhi ya familia", na mchoro mliouchapisha unaonyesha mabweni pale ilipo nyumba yake, na kitalu pale ilipo bustani yake ya viazi. Nilipokupigia kutoka posta ya Tukuyu kuuliza, ulinijibu kwamba atahamia kwangu, chumba cha uani, kwamba amezeeka na anahitaji kupumzika, na kwamba jiko la kisasa litatumia gesi, kwa hiyo "suala la kuni litakuwa limekwisha". Ulisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetoa zawadi.

Nikuambie ninachokubali, ili usiseme kwamba dada yako ni mkaidi tu. Msitu umerudi nyuma. Nilipokuwa msichana ulifika kwenye mfereji, na leo haufiki. Wapo na wanawake wa hapa wanaokata miti mibichi, nami nimewagombeza kwa majina. Wewe una haki ya kulisema hilo, na watoto wana haki ya kulisikia. Lakini mkaa ule wa malori hauliwi Isongole. Unapikia ubwabwa Kinondoni na Ilala, katika majiko ya wazazi wanaokulipa karo. Mwalimu mkweli angeanza hapo. Angewauliza watoto, jana nyumbani kwenu mlipikia nini? Angesubiri jibu hata kama lingemharibia biashara. Wewe ulipanda nao basi umbali wote huo, ukapishana na malori, ili uwaonyeshe kosa kichwani pa mwanamke mmoja mzee, kwa kuwa ulijua hatakujibu.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote, wengi wakaidi na wachache waongo, na nimechapa, sitaficha. Sijawahi kumsimamisha mzazi wa mtoto mbele ya darasa ili achekwe. Wewe umemsimamisha wa kwako.

Jumapili baada ya ibada wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwa baba mkubwa, na mwenyekiti wa kitongoji alialikwa awe shahidi. Niliwasomea gazeti. Baba mkubwa, ambaye sasa anasikia kwa sikio moja, aliniomba nirudie pale panapozungumzia mabweni. Nilirudia.

"Basi kumbe nilisikia vizuri," alisema. Kisha akauliza, "Huyu anataka kuwafundisha watoto wa watu kukaa na miti, kwa kumfukuza mama yake aliyekaa nayo?"

Halikuwa swali. Uamuzi ni huu: nyumba na shamba vipo mikononi mwa mama mdogo maadamu yu hai, na hakuna mtoto wa baba, wewe wala mimi, atakayeviuza, atakayevikodisha wala kuvijengea kitu bila yeye kusema ndiyo mbele ya wazee. Mwenyekiti ameshuhudia. Ukija na mpimaji, utamkuta baba mkubwa ameketi mpakani, na sikio lake bovu litakuwa upande wako.

Watoto wako nitawapokea. Waje wachache, na masweta, pamoja na mwalimu mwingine. Nitawaonyesha msitu, na kabla ya msitu nitawasimamisha barabarani wayahesabu malori. Zuhura na aje hata kesho.

Wewe sikupokei. Siku utakapotaka kuja, uje peke yako, kwa miguu kutoka barabara kuu. Usipitie kwangu. Nenda kwake, umwambie yeye neno lile ulilolificha mbele ya watoto, kisha ulirudie mbele ya watoto wenyewe, darasani kwako, kwa lugha watakayoielewa wote. Mpaka hapo, usiniandikie kuhusu mazingira.

Pale ulipolikata tawi lile pameanza kuchipua. Nakuambia kwa sababu ni kweli, si kwa sababu unastahili kusikia.

Mama mdogo hajui kwamba nimekuandikia. Jana aliniuliza kama Dar es Salaam kuna joto bado, na kama kifua chako kimepona. Angejua kwamba naandika, angeniagiza nikusalimu, na angetaja salamu hizo kwa urefu, kama kawaida yake. Ndiyo maana sikumwambia.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja,
Isongole.